Kile kiboksi kwenye bili ya kredit kadi, kisome na mwanao

Binti yangu alikuwa na miaka 14 siku aliyonisomea bili yangu ya kredit kadi. Hakuna aliyemtuma, bahasha ilikuwa mezani imefunguka, mi namenya viazi, yeye anasubiri chakula akaanza kuipekua kama watoto wanavyopekua kila kitu. Akasema, "Mama, hapa wameandika ukilipa hii ndogo tu utamaliza baada ya miaka 14. Sa si nitakuwa na miaka 28?"

Nikaweka kisu chini. Bili ile nilikuwa naipokea kila mwezi, miaka 3, sijawahi kukisoma kile kiboksi alichokuwa anakisoma. Naangalia namba moja tu, ya chini kabisa ninayotakiwa kulipa, nalipa, nafunga apu.

Deni lenyewe lilianzia msibani. Mzee wangu alifariki Dar, mi nipo Ohio nalea wazee kwenye nyumba ya wazee, nikakata tiketi siku hiyohiyo, yangu na ya mtoto, na mnajua tiketi ya kukata leo usafiri kesho ilivyo, kisha ukifika msibani huwezi kukaa tu mikono mitupu wewe ndo umetoka Marekani. Nikarudi na deni la kama dola 5,000 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Sikujuta na sijuti kwenda kumzika baba. Ila hakuna aliyenieleza lile deni linavyofanya kazi, na nimekutana na Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo wengi huku walio vilevile, wachapakazi, shifti mbili kwa siku, wanalipa kila mwezi bila kukosa, na deni lipo palepale. Ndo maana naandika, nataka niifungue hii kitu yote mpaka mtu aione kwa ndani, halafu niseme na habari ya watoto kwa sababu hao ndo wanaotuangalia.

Twende na hesabu ya lile deni langu. Asilimia 24 kwa mwaka ni kama asilimia 2 kwa mwezi. Asilimia 2 ya 5,000 ni dola 100, hiyo ni riba ya mwezi mmoja. Sasa minimamu, yaani ile namba ya chini kabisa unayotakiwa kulipa, benki nyingi za huku zinaipiga hivi, wanachukua riba yote ya mwezi wanajumlisha asilimia 1 ya deni lenyewe. Kwa hiyo 100 jumlisha 50, minimamu 150. Wewe unaona umelipa 150, unajisikia vizuri, kumbe iliyogusa deni ni 50 tu, ile 100 imekwenda kwao. Halafu mwezi unaofuata deni limepungua kidogo basi na minimamu nayo inashuka, inakuwa 148 na nusu, mwezi mwingine 147, na wewe unafurahi kwamba mzigo unapungua. Hapo ndipo penyewe. Namba inashuka taratibu kwa namna ambayo kila mwezi inakuachia deni la kutosha kuzaa riba ya mwezi ujao.

Kwa miaka 3 nililipa zaidi ya dola 4,500. Zaidi ya elfu nne na mia tano, hela ya kuamka saa kumi alfajiri kwenye theluji. Deni likatoka 5,000 likafika 3,480. Nilipokaa na binti yangu tukapiga hesabu hiyo kwenye simu yake nilinyamaza muda mrefu.

Na kuna jambo lililoniuma kuliko hata hiyo. Ningekuwa nimekaza ile 150 ya mwezi wa kwanza, hiyohiyo, nisiongeze hata senti, ila nisikubali ishuke, lile deni la 5,000 ningelimaliza kwa miaka 4 na miezi 8 hivi na riba yote ingekuwa kama dola 3,300. Kwa kuifuata minimamu inavyoshuka ni zaidi ya miaka 16 na riba peke yake inapita 8,400. Mwezi wa kwanza ni hela ileile. Tofauti ni kwamba huyu mmoja ameshikilia namba yake na yule mwingine ameishika namba ya benki.

Kile kiboksi sasa. Hakikuwepo zamani. Kimekuja kwa sheria aliyoisaini Rais Obama Mei 2009, watu wanaiita CARD Act, inailazimisha benki ikuandikie kwenye bili vitu viwili, kwanza ukilipa minimamu tu bila kununua kitu kingine utamaliza lini na utakuwa umelipa jumla ngapi, pili ukitaka umalize kwa miezi 36 ulipe ngapi kwa mwezi. Yangu ilikuwa inasema hivi, minimamu ilikuwa kama dola 104, ukienda nayo ni miaka 14 na jumla karibu 8,900. Chini yake, ukilipa 137 unamaliza kwa miaka 3 na jumla ni 4,900 na ushee. Nikaangalia ile tofauti, 104 na 137. Dola 33 kwa mwezi. Dola 33 ndo zinatenganisha miaka 3 na miaka 14, na karibu dola 4,000. Nimekulia Temeke, dola 4,000 nyumbani ni kiwanja.

Kukopa sisi hatukuanza kufundishwa na Marekani. Kila aliyekulia uswahilini anajua daftari la kwa Mangi mwenye duka. Unatumwa, "nenda kamwambie Mangi akupe sukari kilo moja na mafuta ya nusu, aandike." Anaandika. Mwisho wa mwezi mama anakwenda kulipa, anakata kwa peni. Mi nilipopata kredit kadi kichwani nilijua ni daftari la kwa Mangi, tofauti ni kwamba hili ni la plastiki. Lakini tofauti zipo mbili kubwa na hizo ndo nimemweleza binti yangu. Mangi hakuwa anatoza riba, ukikopa sukari ya elfu mbili unalipa elfu mbili. Na Mangi akiona ukurasa unajaa anakukatalia, anakwambia mwambie mama afunge kwanza hili. Benki inafanya kinyume, ukiwa unalipa minimamu vizuri bila kuchelewa baada ya muda wanakuongezea limiti, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa, na barua inakuja na pongezi. Mimi waliniongezea mara mbili nikiwa kwenye lile deni, nikaona ni heshima.

Tuingie kwenye utaratibu wenyewe maana hapa watu wengi wanachanganyikiwa.

Ukilipa deni lote la bili, lote mpaka senti ya mwisho, kabla ya tarehe, manunuzi hayana riba kabisa. Sifuri. Bili inatakiwa itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, na huo muda ni wa bure. Mtu anayelipa yote kila mwezi anatumia hela ya benki bure na kadi kwake ni kitu kizuri, ina ulinzi, mwizi akiitumia unaipinga hela inarudi. Lakini ukibakiza deni likavuka mwezi, ule muda wa bure unaupoteza, na wengi hawajui maana yake. Maana yake hata maziwa unayonunua leo yanaanza kula riba leo, hayasubiri bili. Riba inapigwa kila siku, asilimia 24 igawe kwa siku 365, kwa deni la 5,000 ni kama dola 3 na senti 29 kila siku, Jumapili ipo, Krismasi ipo, ukiwa umelala ipo. Ndo maana ukipata hela katikati ya mwezi ipeleke siku hiyohiyo, usisubiri tarehe, kila siku unayowahi inakata kitu.

Halafu kuna hii inayotugusa sisi hasa, ya kutuma hela nyumbani. Meseji imeingia, mchango wa harusi, ada, mtu kalazwa, hela kwenye akaunti hakuna, unaingia kwenye apu ya kutuma hela unaweka kredit kadi, dola 300 zimekwenda. Benki nyingi hiyo hawaihesabu kama manunuzi, wanaihesabu kama umechukua keshi kwenye ATM. Keshi ya kredit kadi ina sheria zake, kuna ada papo hapo, mara nyingi asilimia 5, kwa hiyo 15 imeshakwenda, riba yake huwa juu kuliko ya manunuzi, na haina ule muda wa bure hata kama wewe ni mlipaji mzuri, inaanza dakika hiyohiyo. Tumeni kwa debit kadi, ile inayokata hela yako mwenyewe, au kutoka akaunti ya benki, na kama hela haipo mwambie mtu wa nyumbani kwamba haipo. Najua ilivyo ngumu. Nimeshindwa kuisema sentensi hiyo mara nyingi, na kila niliposhindwa niliilipia kwa asilimia 29.

Kadi za maduka nazo. Unanunua kochi, wanakwambia miezi 12 bila riba. Kuna aina mbili za hiyo ofa na zinafanana kwa nje. Moja ni kweli sifuri, muda ukiisha riba inaanza kwa kilichobaki. Nyingine riba yote wanaiweka pembeni inajikusanya kimyakimya tangu siku ya kwanza, na ukifika mwezi wa 12 umebakiza hata dola 50 tu wanakushushia yote iliyojikusanya mwaka mzima. Uliza kabla ya kusaini, muda ukiisha riba inahesabiwa kuanzia lini. Swali hilo moja tu.

Mtu atauliza serikali iko wapi, kwa nini riba ifike 24, 28, 30. Hapa kuna historia na naipenda kwa sababu inaonesha haya mambo yalitengenezwa na watu, hayakushuka na mvua. Zamani majimbo mengi yalikuwa na kikomo chao cha riba. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwenye kesi ya benki ya Marquette ya Minnesota na benki moja ya Omaha, kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa kwenye jimbo ilipo benki yenyewe. Basi majimbo madogo yakaona mwanya. South Dakota wakaondoa kikomo chao 1980, Citibank wakahamishia shughuli za kadi kule Sioux Falls 1981, na Delaware nao mwaka huohuo wakafungua mlango. Ndo maana wewe upo Texas au Ohio ila anwani kwenye bahasha ya benki imeandikwa Sioux Falls au Wilmington. Kikomo cha jimbo lako hakimfikii. Wenye kikomo mpaka leo ni kredit yunioni za shirikisho, zile ni kama saccos, wanachama ndo wenyewe, na hao hawaruhusiwi kuvuka asilimia 18. Karibu kila mji unazo na watu wetu wengi hawajawahi kuingia mlangoni.

Kitu kingine ambacho lazima nikiseme kwa sauti, hii habari kwamba ubakize deni kidogo kwenye kadi ili kredit skoo ipande, yaani zile alama zinazoonesha unavyoaminika kukopeshwa. Si kweli. Nimeisikia kanisani, nimeisikia kazini, nimeisikia kwa mtu aliyekaa huku miaka 20, na nimeiamini mwenyewe. Skoo ya FICO, ile ya kuanzia 300 mpaka 850, sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 35, ni kama unalipa kwa wakati, na asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, na kwenye kadi hapo wanaangalia sana umekula kiasi gani cha limiti yako. Deni kubwa karibu na limiti linaishusha skoo. Kulipa yote hakuishushi hata kidogo. Riba unayolipa haina pointi hata moja.

Sasa kutoka. Mi nilitoka kwa namna isiyo na ufundi wowote. Kadi niliitoa kwenye simu, nikaitoa kwenye yale maduka ya mtandaoni ambayo yanaikumbuka namba, nikaiweka kwenye bahasha na vyeti vya kuzaliwa. Nikachukua namba moja, 200, nikaiandika kwenye karatasi pale friji, na nikaweka ikatwe yenyewe mara mbili kwa mwezi, 100 siku ya mshahara wa kwanza na 100 siku ya mshahara wa pili. Kwa deni la 3,480 ilichukua miezi 22. Miezi mitano ya mwanzo niliongeza shifti ya Jumamosi ili nisiguse kadi, maana ukishaitoa kadi maishani mwako unagundua ilikuwa inaziba mashimo mangapi.

Ukiwa na kadi zaidi ya moja kuna njia mbili na watu wanabishana sana. Kote lipa minimamu, halafu hela ya ziada yote ipeleke sehemu moja. Wapi? Hesabu inasema kwenye kadi yenye riba kubwa kuliko zote, hapo unaokoa hela nyingi. Wengine wanasema anza na deni dogo kuliko yote ulifunge, upate nguvu ya moyo, uende linalofuata. Mi naona kama tofauti ya riba ni ndogo funga hilo dogo, ila kama moja ni 30 na nyingine 18 usijidanganye, ua ile ya 30.

Kuna kuhamisha deni kwenye kadi nyingine inayotoa sifuri kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, ada yake mara nyingi ni asilimia 3 mpaka 5 ya deni. Inasaidia kwa mtu ambaye ameshaacha kuchanja kadi. Kwa ambaye hajaacha ni kuongeza kadi ya pili, nimeona nyumba mbili zikiingia hapo, kadi ya zamani ikajaa tena na mpya imejaa.

Kama hata minimamu imeanza kukushinda, piga simu benki kabla hujachelewa, usisubiri. Benki nyingi zina mpango wa mtu mwenye shida, kaumwa, kapunguziwa masaa, riba inashushwa kwa muda, lakini hawakutafuti wao, mpaka uombe. Na kuna mashirika ya ushauri wa madeni yasiyo ya faida, mengi yapo chini ya mwavuli wa NFCC (National Foundation for Credit Counseling) uliopo tangu 1951, wanakaa na wewe wanaongea na benki zako zote, unalipa sehemu moja kwa riba iliyoshushwa. Hao ni tofauti kabisa na wale wanaopiga simu wanasema watakufutia nusu ya deni lako, acha kulipa benki, tupe sisi. Anayekudai ada kwanza kwenye simu kabla hajafanya kitu anavunja kanuni ya shirikisho iliyopo tangu 2010, kata simu.

Na kwa wale ambao deni limeshauzwa kwa wakusanya madeni, usiogope simu. Sheria ya tangu 1977 inawakataza kukupigia kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, inawakataza kukutukana, na una haki ndani ya siku 30 tangu upokee taarifa ya deni kuwaandikia wathibitishe kwamba ni lako na ni kiasi gani. Usiwape hata dola 20 ya kuwatuliza kabla hujathibitisha, kwa sababu majimbo mengi deni la zamani ambalo muda wa kushtakiwa umekwisha linaweza kufufuka ukilipa kidogo. Na hakuna anayefungwa jela kwa kushindwa kulipa kredit kadi. Ila ukiitwa mahakamani nenda, usipoenda wanashinda bila wewe na wanaweza kuanza kukata mshahara.

Watoto.

Sisi tulilelewa kwamba hela ni habari za wakubwa. Baba alikuwa akihesabu mshahara anafunga mlango. Kwa hiyo hata mimi bili zangu nilizificha, si kwa ubaya, nilitaka mtoto awe na amani. Alichokuwa anakiona yeye ni mama anachanja kadi na vitu vinatoka dukani. Miaka 14 ya maisha yake hajawahi kuona upande wa pili wa hiyo kadi. Huwezi kumlaumu mtoto kwa kuona kadi ni hela wakati wewe ndo umemwonesha hivyo.

Baada ya siku ile ya viazi tukaanza vitu viwili. Cha kwanza bili zote zinafunguliwa mezani, tarehe 3 ya kila mwezi, anasoma yeye kwa sauti, mi naandika. Daftari la kawaida la shule, na anakata kwa peni nyekundu kama Mangi. Cha pili, mara moja kwa mwezi namkabidhi hela ya chakula ya wiki, keshi, dola 120, tunaingia dukani mi nasukuma kigari tu, simsemeshi. Mara ya kwanza alijaza stroberi, juisi, zile nafaka za asubuhi za boksi, kufika kwa kuku hela imebaki 31 na hatujachukua unga, mafuta wala mchele. Alisimama pale katikati ya njia anaangalia kigari. Akarudisha stroberi, akarudisha boksi moja, akaenda kwenye kuku mzima badala ya vipande maana alipiga hesabu kwa kilo. Mi nilikuwa nimeshika mdomo wangu kwa nguvu zote nisimwambie. Wiki hiyo tulikosa vitunguu. Wiki nyingine vitunguu vilikuwa vya kwanza kuingia.

Alipofika 16 akapata kazi wikiendi kwenye mgahawa wa baga, dola 13 kwa saa. Hapo riba ikawa na uso. Nikamwambia ile 100 niliyokuwa nalipa mwezi wa kwanza, igawe kwa 13. Akagawa. Karibu masaa 8. Akasema, "kwa hiyo Jumamosi nzima nimesimama kwenye mafuta ya chipsi na sijanunua chochote." Mimi maneno hayo nisingeweza kumtungia. Nikamfundisha na ile ya 72, chukua 72 gawa kwa riba unapata miaka ambayo hela inajizaa mara mbili, asilimia 24 ni miaka 3, yaani deni ambalo hakuna anayelilipa linakuwa mara mbili kwa miaka 3, na akiba yake ya kule kredit yunioni kwa asilimia 4 ni miaka 18. Akauliza kwa nini zao zinakimbia na zetu zinatembea. Nikamwambia hilo swali ulibebe ukue nalo.

Kisheria mtu chini ya miaka 21 huku hapewi kredit kadi yake mpaka aoneshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini, nayo imetoka kwenye sheria ileile ya 2009, ambayo pia ilikataza kuwahonga wanafunzi fulana na vizawadi vyuoni ili wajaze fomu. Mzazi anaweza kumuunganisha mtoto kwenye kadi yake, akapata kadi yenye jina lake, na benki nyingi zinaripoti kwa hiyo anaanza kujenga historia mapema. Ila elewa, deni ni lako, na ukichelewa wewe na yeye inaweza kumchafua. Mi nilisubiri mpaka langu liishe ndo nikamuunganisha, na tukakubaliana anaitumia kwa kitu kimoja tu, nauli ya basi ya mwezi, na siku hiyohiyo ananipa keshi. Kwa kijana asiye na mzazi mwenye kadi safi kuna zile za kuweka dhamana, unaweka kama dola 200 benki nayo inakupa kadi ya limiti hiyo.

Wadogo zetu waliopo nyumbani wanaweza kuona haya ni ya Wamarekani. Ila mpwa wangu Dar anakopa Songesha, ule mkopo wa M-Pesa kwenye simu, kumalizia hela ya bodaboda, anakopa kwenye apu kulipa Songesha, na mama yake ana mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, wa kila wiki. Kenya M-Shwari ilianza 2012 na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, inasikika ndogo kwa sababu inaitwa ada, lakini mtu anayeirudia kila mwezi mwaka mzima anaongelea asilimia 90. Nilimtumia mpwa wangu voisi noti ya dakika 6, nikamwambia kila mkopo chukua wanachokutoza, gawa kwa ulichokopa, zidisha kwa mara ngapi kwa mwaka. Alinijibu siku ya pili yake, meseji ina namba tu. 

Binti yangu ametimiza 18 mwezi wa tatu. Wiki iliyofuata tulikwenda kumtafutia koti, kufika kaunta dada wa pale akamwambia akifungua kadi ya duka leo anapata punguzo la asilimia 20. Koti lilikuwa dola 90. Binti akauliza riba ngapi. Yule dada hakuwa anajua, akageuza kile kikaratasi wakaanza kutafuta wote wawili, vichwa vimegusana, mpaka wakaipata kwenye jedwali kule nyuma, 31 na nukta. Dada wa watu akasema, "hee, na mimi ninayo hii." Binti yangu akatoa debit kadi, akalipa 90, halafu akamwambia nyumbani angalia kwenye bili yako kuna kiboksi.